Ninavyomchua baba mkono uliopooza

Baba alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukajikunja ngumi kama wa mtoto aliyeficha sarafu. Jioni, jua la Dodoma likishapoa, namkalisha kibarazani hapa Chang'ombe, kiwiko juu ya mto. Nasugua mafuta ya alizeti viganjani mwangu yapate joto, kisha namwambia: "Baba, naanza na bega." Usimguse mgonjwa kwa kumshtukiza, misuli huzidi kukaza.

Nachua polepole kushuka chini. Vidole usivivute! Kwanza kunja kifundo cha mkono kwa ndani, ngumi italegea. Fungua kidole gumba kuanzia shinani, halafu vingine, ndipo unyooshe kifundo taratibu, ushikilie kama nusu dakika. Mwanzoni mimi nilivuta ncha za vidole. Baba hakusema kitu, ila machozi yalimtoka.

Usimwinue kwa kumvuta mkono huo, bega litateguka. Maji ya moto achana nayo. Upande ule huenda hausikii joto, ataungua. Mguu ukivimba na kuuma, usiuchue kabisa: huenda damu imeganda. Hospitali siku hiyohiyo.

Kucha namkata baada ya kuchua, kiganja kikiwa wazi.