Jinsi ya kusoma ripoti ya mahojiano ya afisa mateka (vita vya 1914–1918, Afrika Mashariki)

Anayeandika historia ya vita hivi, awe Unguja au Pemba, hatimaye hukutana na karatasi mbili tatu zilizopigwa taipu kwa Kiingereza: afisa wa Kijerumani amekamatwa, ameulizwa habari za bunduki, mizinga, risasi na mafunzo ya askari wake, na majibu yameandikwa chini. Karatasi hizo zimejaa tarakimu, na tarakimu ndizo za kuziogopa.

Kwa mafaili ya serikali ya Unguja ya wakati ule, anzia Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Ripoti za kijeshi utazipata zaidi katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, chini ya herufi WO (War Office, Wizara ya Vita): WO 95 ni shajara za vikosi, WO 157 ni muhtasari wa habari za kijasusi. Popote ulipo, ingia na penseli, si kalamu ya wino. Ukiruhusiwa kupiga picha, piga mbele na nyuma ya kila karatasi pamoja na namba ya faili. Maneno yaliyoandikwa kwa mkono ukingoni mara nyingi ni ya mkubwa aliyeipokea ripoti, naye ndiye anayesema "huyu hatumwamini".

Kabla ya kusoma jibu hata moja, tafuta tarehe tatu: siku mateka alipoachana na kikosi chake, siku alipohojiwa, na siku ripoti ilipotolewa. Wengi huishika ya tatu kwa sababu ndiyo iliyo juu ya karatasi. Ya maana ni ya kwanza. Maafisa wengi walitekwa wakiwa wagonjwa, wameachwa hospitali huku jeshi likirudi nyuma. Mtu aliyelazwa kwa homa wiki sita kabla ya kukamatwa anajua hali ya wiki sita zilizopita. Yaliyobaki ameyasikia kwa wagonjwa wenzake.

Kisha tazama cheo. Luteni wa kampani anajua bombomu (bunduki za rashasha) za kampani yake na risasi alizogawiwa. Hajui akiba ya jeshi zima. Kuwa mwangalifu na neno "efendi". Hicho kilikuwa cheo cha juu kabisa cha Mwafrika katika jeshi la Wajerumani, juu ya sol, betshaushi, shaushi na ombasha, ila chini ya maafisa wote wa Kizungu. Karani wa Kiingereza anaweza kumwandika "afisa wa kienyeji", nawe ukadhani alikaa kwenye baraza la makamanda.

Sheria nayo isomwe kwa wakati wake. Kwa kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 9, mateka akiulizwa alilazimika kutaja jina lake la kweli na cheo, basi. Namba ya jeshi na tarehe ya kuzaliwa katika orodha tuliyoizoea ni za kifungu cha 17 cha Mkataba wa Geneva wa 1949. Usimpime nazo mhoji wa 1916. Kwa hiyo kila alichosema juu ya silaha ni cha ziada, na cha ziada kina sababu: kujigamba, kutisha, kuchoka, au kuudhika na wakubwa wake. Ripoti nyingi hazionyeshi swali, zinaonyesha jibu tu. Penye jibu fupi lililokatwa ghafla, jaribu kuliunda swali lake. Aghalabu utagundua kwamba mhoji ndiye aliyeleta tarakimu na mateka akakubali tu.

Sasa chukua karatasi pana, uigawe safu nne kwa mistari ya wima: alichosema, aliona mwenyewe au alisikia, angeweza kukijua siku ile, ushahidi mwingine. Safu ya tatu na ya nne ndizo zenye kazi, na hapo msaada mkubwa ni silaha zenyewe, kwa kuwa zina tarehe za kufika.

Vita vilipoanza, askari wengi wa Kijerumani walibeba bunduki ya mtindo wa 1871: milimita 11, risasi moja moja, baruti nyeusi inayotoa moshi na kumfichua mpigaji. Kampani chache tu zilikuwa na mtindo mpya wa 1898, uitwao "98". Meli ya Rubens, iliyowaletea Wajerumani silaha, ikafika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, na shehena yake ya bunduki na risasi ikaokolewa ingawa meli ilipigwa. Meli ya pili ya silaha, Marie, ikaingia Sudi, pwani ya kusini, Machi 1916. Afisa aliyetekwa mwanzoni mwa 1915 akisema kampani zote zina bunduki za 98, mtilie shaka. Akisema hivyo wa katikati ya 1916, hilo linawezekana. Na kadiri vita vinavyosonga, ndivyo silaha za kutekwa zinavyoongezeka: Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipojisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi mzinga 1 wa Kireno, bombomu 37 ambazo 30 kati yake zilikuwa za Kiingereza, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno.

Mizinga ndiyo inayoponza watu. Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Ilipoangamizwa Rufiji Julai 1915, Wajerumani waliiopoa mizinga hiyo na kuitumia bara. Marie nayo ilileta mizinga 4 ya sentimita 10.5, ya aina nyingine, mifupi, ya kurusha kombora juu. Mateka akisema tu "ya kumi na nusu", hujui ni ipi mpaka ujue ilivutwaje, ilipiga mbali kiasi gani, na yeye alitekwa lini. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus, ya inchi 4, wakaitumia bara. Kwa kipimo chao, sentimita 10.5 ni inchi 4.1. Karani akiidondosha hiyo nukta moja, mzinga wa adui unageuka kuwa wa kwao. Ukifika Mombasa, nenda Fort Jesus. Mmoja wa kila upande umewekwa pale.

Idadi ya watu huvimba kwa njia moja kubwa: wapagazi na rugaruga (wapiganaji wasaidizi wasio askari wa kawaida) huchanganywa na askari. Kampani ya askari 160 hadi 200 ikitajwa kuwa na "watu 500" si lazima iwe uongo. Ni hesabu ya vinywa vya kula. Saa nazo hupotosha. Kama mahojiano yalifanywa kwa Kiswahili, "saa tatu" inaweza kuandikwa 3 wakati ilikuwa 9. Linganisha na shajara ya kikosi cha Waingereza kilichokuwa upande wa pili wa mapigano hayo.

Habari za mafunzo ni ngumu zaidi kuzihakiki. Kabla ya Lettow-Vorbeck kufika Januari 1914, kampani zilitawanyika kwenye maboma, zikafundishwa kuzima maasi zaidi kuliko kupigana na jeshi kubwa. Uliza afisa huyu alianza kazi lini: mkongwe wa boma na aliyeingia vitani baadaye wataeleza mafunzo mawili tofauti, wote wakisema kweli.

Usimsahau mhoji. Richard Meinertzhagen, aliyeongoza ujasusi wa Waingereza upande huu, alikuja kujulikana kwa udanganyifu katika kazi zake za kuchunguza ndege wa porini, na wanahistoria hawaziamini shajara zake bila kuzipima. Ripoti iliyopita mikononi mwake itafutiwe shahidi wa pili.

Ukiandika, tumia "alieleza kuwa", taja siku aliyotekwa, na weka tarakimu yake kando ya ile uliyoipata kwingine. Zisipolingana, ziache zote mbili. Usitafute wastani, kwa sababu wastani wa risasi zilizohesabiwa na risasi zilizosikiwa si hesabu ya kitu chochote.