Somo: Kwa nini resho inachelewa jioni

Saa moja jioni, Lubumbashi nzima inapika. Resho, jiko letu la umeme, iliyochemsha maji ya bukari (ugali) haraka mchana sasa inasuasua, na mama anarudi kwenye mbabula, jiko la makaa. Hilo linapimika.

Hatua ya 1. Geuza resho usome kibandiko. Tuseme kimeandikwa 220 V, 1000 W. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi unaopita kwenye waya. Ukizidisha hivyo viwili unapata wati, yaani kasi ya kutumia umeme. Hapa: 1000 ÷ 220, kama ampea 4.5.

Hatua ya 2. Weka multimetri (kifaa cha kupima umeme) kwenye volti za AC, yaani umeme wa nyumbani, kiwango cha juu kabisa, upime prizi bila kugusa ncha za chuma. Pima mchana, pima tena jioni resho ikiwaka.

Hatua ya 3. Tuseme jioni umepata 160. Utadhani umepoteza robo tu. Hapana! Upinzani wa resho, yaani jinsi inavyozuia umeme (volti 220 ukizigawa kwa ampea zake), hubaki karibu omu 48, basi volti zikishuka na ampea zinashuka: 160 ÷ 48 ni 3.3. Mara 160, unabaki na wati 530 hivi. Karibu nusu ya joto imekwenda. Lita 5 za maji ya baridi zinataka kama kilowati-saa 0.45 (kilowati-saa moja ni wati 1000 kwa saa nzima) ili zichemke: dakika 27 kwa wati 1000, dakika 51 kwa wati 530. Na hiyo ni bila kuhesabu joto linalotoka kwenye sufuria, ambalo huongezeka kadiri unavyongoja. Kwa hiyo umeme dhaifu haukupunguzii matumizi, funika sufuria.

Hatua ya 4. Kagua waya. Umeme wa bwawa la Inga husafiri kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi kwa volti 500,000, ili ampea ziwe chache na waya usile mwingi njiani. Kwenye avenue yetu ni 220 tu, ampea ni nyingi, na waya mwembamba mrefu hula sana. Ukiushika ukawa na moto, zima.

Maswali

Kutoka komuni ya Katuba: Mwalimu, stabilizateri, kile kifaa cha kusawazisha volti, itasaidia resho?
Jibu: Haizalishi umeme, mama. Inapandisha volti kwa kuvuta ampea zaidi kwenye laini, na volti za jirani zinazidi kushuka. Iwekee frigo.

Kutoka komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi: Frigo yangu inanguruma bila kuwaka, kisha inanyamaza.
Jibu: Ichomoe sasa hivi, yaya. Mota ikikosa volti za kuanzia huvuta ampea nyingi na kuungua. Na delestaji (mgao wa umeme) ikiisha, ngoja dakika tano kabla ya kuichomeka.

Kutoka Ruashi: Simu za watoto ndizo zinamaliza umeme?
Jibu: Hapana, papa. Betri ya simu iliyoandikwa 5,000 mAh hubeba wati-saa 19 hivi. Saa moja ya resho ya wati 1000 ingejaza simu kama hizo zaidi ya arobaini, hata ukitoa kinachopotea kwenye chaja.