Somo: Kuziachia timu za madev (watengeneza programu za kompyuta) uhuru bila kila timu kushika njia yake

Wakuu, ukibana sana madev wanageuka watu wa kusubiri oda, kila kitu "ngoja bosi aseme". Ukiachia kabisa nako ni balaa, nilishawahi kuwa na timu 3 na kila moja ikajijengea mfumo wake wa kulogini, mteja mmoja ana akaunti tatu, siku ya kuunganisha tulilia.

Hatua ya 1: andika lengo na sababu, namna ya kufanya waachie wenyewe. Usiseme "wekeni kashe (nakala za data zilizo tayari ili ukurasa ufunguke haraka) kwenye seva", sema "ukurasa wa malipo ufunguke ndani ya sekunde 2 maana watu wanachoka wanaondoka". Timu ikigundua shida ni mapicha mazito tu, kashe yako haina kazi tena. Halafu mwambie lidi (kiongozi) wa timu akurudishie hilo lengo kwa maneno yake, hapo ndo utashangaa mlivyoelewana tofauti.

Hatua ya 2: pima kila uamuzi kwa ugumu wa kuubadilisha baadaye. Mpangilio wa kodi (code, maandishi ya programu) ndani ya timu, wakikosea wiki ijayo wanabadili, usiguse. Databesi ya wateja, usalama, API (mlango wa programu moja kuongea na nyingine) inayotegemewa na wengine, hizo mnakaa wote.

Hatua ya 3: angalia mlivyogawana timu. Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alishasema tangu 1968 kwamba mfumo hufanana na mawasiliano ya watu wanaoujenga. Kama kila kafeature (kakitu kapya kwenye programu) kanahitaji timu tatu zikubaliane, mitingi haitawaokoa, hamisheni mipaka ya nani anashika nini.

MASWALI

Swali: Mkuu vijana wangu wote wapya, si wataangusha mfumo?
Jibu: Waanze na vidogo, waandike pendekezo nusu ukurasa kabla ya kugusa kodi, wewe uliza maswali tu. Ukianza kuwajibia umerudi kulekule.

Swali: Timu moja imeng'ang'ania lugha ya programu yao peke yao.
Jibu: Waulize nani ataamka saa 8 usiku seva ikilala, na nani atabaki nayo huyo shabiki wake akiacha kazi. Wengi hunyamaza, ila kuna waliowahi kunijibu vizuri nikaruhusu.

Swali: Na bosi wa juu anayeingilia mpaka rangi ya batani?
Jibu: Huyo kaka hana dawa kamili. Wangu namtumia namba za lengo kila Ijumaa kabla hajauliza, haachi ila anapunguza.