Celica inavujisha oili kwenye swichi ya presha: usiikaze, ibadilishe

Toyota Celica niliyoipokea hapa Mtwara wiki hii, mwenyewe alishaambiwa sili ya krenki imekufa, injini ishushwe. Kumbe ni swichi ya presha ya oili, ya ukubwa wa kidole gumba, inayowasha taa ya oili kwenye dashibodi presha ikishuka. Umbo hili la Celica lilitoka kati ya 1999 na 2006.

1. Hakikisha ni yenyewe. Injini ikiwa ya baridi, safisha eneo lote kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, kausha, kisha washa dakika tano, zima na umulike kwa tochi. Swichi utaijua kwa waya wake mmoja; yenyewe imefungwa kwenye injini kwa uzi, kama bolti. Chomoa soketi ya waya. Ukikuta oili ndani yake, au imejikusanya pale plastiki inapokutana na chuma, ngozi ya ndani imetoboka. Kukaza hapo ni kujitafutia kazi. Niliwahi kuikaza ya mteja, shingo ikakatika, uzi ukabaki ndani. Nilishinda mchana kutwa naichokoa. Na kama juu yake pamelowa, anza na gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Oili hushuka, haipandi.

2. Pima waya. Ufunguo wa gari uwe on, injini isiwake. Waya ukiwa umechomolewa taa ya oili izime. Ukigusisha ncha kwenye chuma cha injini iwake. Isipowaka, una tatizo jingine la waya au balbu.

3. Nunua kwa jina la injini. Celica nyingi zina 1ZZ-FE, iliyofungwa pia kwenye Corolla na Allion, hivyo ukitaja "Celica" dukani watakushangaa bure. Nenda na ya zamani, mlinganishe uzi.

4. Fungua kwa soketi ndefu, kwa kawaida namba 24. Spana ya mdomo itakula pembe. Oili huna haja ya kuimwaga. Weka kitambaa chini, itachuruzika kidogo tu.

5. Paka dawa ya kuziba uzi kwenye nyuzi mbili tatu, ya kwanza kabisa iache kavu. Tepu nyeupe ya mabomba siitaki: vipande vyake huingia kwenye njia ya oili, na swichi hii hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha injini, kupitia uzi wake. Ukiizungushia tepu nyingi, taa inaweza isiwake kabisa, hata siku presha ikiisha kweli.

6. Anza kwa vidole, malizia kwa rachi fupi, takriban Nm 15 kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza. Uzi umechongoka, unabana kadiri unavyoingia, kwa hiyo usiusubiri ufike mwisho. Injini hii ni ya alumini, inapasuka. Acha saa moja dawa ishike.

7. Kwangua ncha ya waya kwa msasa. Chumvi ya bahari huku kwetu hugeuza shaba kijani haraka.

8. Washa. Taa izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini palepale, upime oili kwa kijiti. Ikizima, tandika kadibodi chini, ulaze gari usiku. Ya mteja wangu asubuhi ilikuwa na tone moja, la maji ya AC.