Usiwaambie Kitu: Jinsi ya Kuwaonyesha Watu Sehemu Inayoienzi Tamthilia ya Zamani

Enzi nikiwa na kibanda cha muvi Umoja, karibu na soko la Mutindwa, kijana mmoja alinirudishia diski ya Psych, tamthilia ya Marekani ya upelelezi na vichekesho, msimu wa 5. "Siz, hii sehemu ya 12 imeharibika. Watu wanaongea polepole kama wamekunywa dawa ya kikohozi." Diski ilikuwa nzima kabisa. Sehemu hiyo inaitwa Dual Spires, ilitoka Desemba 2010, na toka mwanzo hadi mwisho inaienzi Twin Peaks, tamthilia ya mauaji ya mwaka 1990. Kijana alikuwa hajawahi hata kuisikia Twin Peaks. Nilimrudishia shilingi zake hamsini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta njia ya kuwaandaa watu bila kuwachosha.

Kibanda nilifunga. Siku hizi, Jumapili ya mwisho wa mwezi, natundika shuka nyeupe sebuleni, nawasha projekta ya mtumba, na majirani wanapanda na viti vyao. Haya ndiyo niliyojifunza.

Anza na jozi rahisi, yaani sehemu ya zamani na ile inayoienzi. Star Trek ya kwanza, tamthilia ya safari za angani, ilikuwa na sehemu iitwayo The Trouble with Tribbles, ya Desemba 1967. Mwaka 1996, Star Trek ilipotimiza miaka 30, ndugu yake mdogo Deep Space Nine alitoa Trials and Tribble-ations, ambapo mashujaa wapya wanarudi nyuma hadi ndani ya sehemu ile ya zamani. Waigizaji walipachikwa kwa kompyuta ndani ya picha za 1967, wakasimama bega kwa bega na Kapteni Kirk, shujaa wa ile ya zamani. Kila moja haifiki hata saa nzima, kwa hiyo onyesha zote mbili, chai katikati.

Tribble, kwa asiyejua, ni kiumbe cha manyoya, mviringo, hana kichwa wala miguu inayoonekana. Kazi yake ni kula na kuzaana. Katika ile ya zamani Kirk anafungua mlango wa ghala la nafaka ulio juu ya kichwa chake, na tribble wanammwagikia mpaka kifuani. Sasa tazama kinachofuata. Mporomoko umekwisha, Kirk anajaribu kuongea kwa heshima zake zote, na bado mmoja mmoja anazidi kumdondokea kichwani. Tap. Kimya. Tap. Mtazamaji anacheka na kusahau.

Miaka 29 baadaye tunaonyeshwa ndani ya lile ghala. Sisko na Dax, mashujaa wa Deep Space Nine, wamejibanza humo wakitafuta bomu lililofichwa ndani ya tribble mmoja, na kila wanayemkagua wakamkuta hana kitu wanamtupa nje. Ndio hao wanaompiga Kirk kichwani.

Mara ya kwanza kuionyesha nilikosa subira. Tribble walipoanza kumwagika kwenye ile ya 1967 nikapaza sauti, "Shikeni hapo, mtaona baadaye!" Basi walipofika kwenye ghala kila mtu alikuwa ameshajua, wakacheka kwa adabu tu. Mwezi uliofuata, kundi lingine, nilijaza mdomo mandazi nikanyamaza. Mzee wa gorofa ya chini, ambaye huwa anasinzia, aliruka kwenye kiti. "Kumbe ni hawa! Kumbe ni hawa wajinga!" Alicheka mpaka mkewe akampiga mgongoni.

Hapo ndipo penye siri yote. Mbegu ipandwe bila kutangazwa. Mtu akigundua mwenyewe, furaha ni yake. Ukimwelekeza kwa kidole, umempa somo la darasani.

Jozi ngumu ni hiyo ya Twin Peaks. Sehemu ya kwanza pekee ni saa moja na nusu, na ina mwendo wa konokono. Usiwalazimishe yote. Wachezeshee nusu saa na ushee: Pete anakwenda kuvua samaki, anaukuta mwili wa Laura Palmer umefungwa ndani ya plastiki ufukweni, mji mzima unalia, halafu ajenti Cooper, mpelelezi wa FBI, anaingia akiendesha gari na kuongea na kinasa sauti. Simamisha hapo. Hakikisha picha ya Laura, ile anayotabasamu, wameiona vizuri. Uso huo wanauhitaji.

Kisha weka Dual Spires. Sema sentensi moja tu: Shawn anajifanya ana maono, Gus ni rafiki yake, wamealikwa kwenye sherehe ya mdalasini katika mji mdogo. Wimbo wa mwanzo usiuruke, kwani aliyeuimba ni Julee Cruise, sauti ya Twin Peaks yenyewe. Msichana anayekufa anaitwa Paula Merral. Mimi huacha vipande vya Scrabble mezani, vimepangwa LAURA PALMER, kana kwamba watoto wamesahau kuvitoa. Binti wa dada yangu, miaka 14, alisikia jina la Paula, akaanza kuvihamisha kimyakimya. "Shangazi, herufi ni zilezile." Dakika chache baadaye akatokea Sheryl Lee, yule aliyekuwa Laura, sasa akiigiza daktari, na mtoto akashika kichwa. Yule maiti wa plastiki!

Kahawa na pai ya cheri ndizo chakula cha Twin Peaks. Pai hiyo sijui niitoe wapi Umoja, kwa hiyo nakanda mandazi na mdalasini mwingi. Yanatosha. (Twin Peaks iliyobaki usiwape watoto, inatisha, na ina mambo ya watu wazima.)

WandaVision ya 2021, tamthilia ya mashujaa wa Marvel, sikushauri kuanza nayo, ingawa vijana wataiomba. Sehemu yake ya kwanza inaiga The Dick Van Dyke Show, komedi ya Marekani ya miaka ya 1960, na kwa mtu wa huku hiyo ni komedi tu isiyo na rangi. Mzee aliniambia angeelewa haraka kama Mzee Ojwang na Mama Kayai wa Vitimbi wangepita kwa nyuma. Sina jibu la hilo, ila ni kweli: pima kwanza wageni wako wamekulia na nini.

Mambo madogo. Washa maandishi ya chini, maana kelele za majirani na pikipiki za nje haziishi. Aliyekwisha kuiona ya zamani mketishe nyuma, peke yake, na umwonye. Na angalia tokeni za stima kabla hujaanza. Mimi zimewahi kuniishia Sisko akiwa bado ndani ya ghala, tukakaa gizani tukisikiliza televisheni ya jirani mwenye bahati.

Ikiisha watakuomba urudishe nyuma ile ya zamani, pale kwenye mlango wa ghala tu. Rudisha. Safari hii wanaangalia juu, siyo kwa Kirk.