Jinsi ya kuomba nafasi kwenye timu ya basketi ya chuo cha miaka miwili Marekani

Kila ikifika Machi simu yangu haipoi. Anayepiga ni baba au mama aliyetoka Uvira, Fizi au kambi ya Nyarugusu, leo yuko Iowa au Kentucky, na kijana wake anamaliza sekondari. Msimu wa basketi umekwisha, hakuna chuo kikuu kilichomtafuta, na nyumbani wameshaanza kumuulizia kazi ya kiwandani. Huwa nawaomba wasubiri kidogo. Kwa vyuo vya miaka miwili, vile ambavyo wachezaji huviita juko, Machi ndiyo kwanza makocha wanahesabu nani anaondoka na nafasi ngapi zimebaki wazi. Wengine husajili hadi Julai.

Jimmy Butler alipita njia hiyo hiyo. Alimaliza sekondari Texas bila vyuo vikubwa kumtaka, akacheza mwaka mmoja Tyler Junior College, chuo cha miaka miwili, akahamia chuo kikuu cha Marquette, na 2011 Chicago Bulls wakamchagua akiwa wa 30 kuingia NBA.

Kwanza jua unaomba wapi. Vyuo vingi viko chini ya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili kilichoanzishwa 1938, chenye madaraja matatu. Daraja la kwanza linaruhusiwa kulipa ada, malazi, chakula na vitabu. La pili linaweza kulipa ada na vitabu, lakini kitanda na chakula ni juu yako. La tatu halitoi hata senti kwa ajili ya mchezo. California wana chama chao, CCCAA, na huko hakuna ufadhili wa michezo kabisa, ingawa ada kwa mkazi wa jimbo ni nafuu, dola 46 kwa krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo. Tena kocha wa California haruhusiwi kuwa wa kwanza kukutafuta ikiwa unaishi nje ya eneo la chuo chake. Ukikaa kumsubiri akupigie, utasubiri sana.

Sasa makaratasi. Vijana wengi huanza na video. Mimi huanza na transkripti, ile karatasi ya shule yenye masomo na alama zako zote, kwa sababu nimeona video nzuri zikikwama hapo. Mwaka juzi nilikaa mezani na kijana mmoja, gadi, yaani mchezaji wa nje anayeongoza mpira, mwenye mikono myepesi kweli, tukatandaza nyaraka zake. Kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, ilitanguliza jina la babu. Shule ilimwandikisha kwa jina la ubatizo. Karatasi ya chanjo ilikuwa na "r" mahali penye "l". Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa Januari 1, kama ilivyo kwa wengi walioandikishwa kambini. Chuo kilipozipokea kiliona watu watatu. Kurekebisha kulichukua wiki sita, na kocha aliyekuwa amemshikia nafasi akampa mwingine. Mpaka leo linaniuma, maana ni jambo la kumalizwa Novemba kwa safari mbili za ofisini.

Kwa hiyo nenda kwa mshauri wa shule mapema. Omba transkripti, soma jina lako herufi kwa herufi, kisha muulize: nitahitimu Mei, au kuna somo ninalodaiwa? NJCAA inataka uwe umehitimu sekondari au una cheti cha GED, mtihani unaosimama badala ya kuhitimu sekondari. Haikupimi kwa yale masomo 16 ya msingi ambayo NCAA, chama cha michezo cha vyuo vikuu, inayadai, na hilo ni nafuu kubwa kwa kijana aliyefika nchi hii akiwa na miaka 15 akaanza Kiingereza upya.

Siku hizo hizo jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo. Ni bure, ipo studentaid.gov, ukikuta tovuti inayokudai pesa, ifunge. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuomba, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi pia. Ukiijaza unaweza kupata ruzuku ya serikali iitwayo Pell, ambayo ilifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26, na hairudishwi kama mkopo. Mzazi naye hufungua akaunti yake mwenyewe kwa barua pepe yake mwenyewe, basi wazazi, msimwachie mtoto aweke ya kwake mara mbili. Makocha wanaipenda fomu hii kuliko vijana wanavyodhani: ukiwa na Pell, pesa kidogo alizobakiwa nazo kocha zinatosha kukufikisha.

Video iwe ya dakika tatu au nne. Mwanzoni andika jina, urefu, nafasi unayocheza, mwaka wa kuhitimu na simu. Urefu uwe wa kweli, bila viatu; siku ya kwanza watakupima. Weka matukio yako bora mwanzo kabisa, na usijaze danki tupu. Kocha anataka kuona unavyomkaba mtu mwenye kasi, unavyorudi kulinda baada ya kupoteza mpira, unavyogombea ribaundi ukiwa mfupi. Muziki wa matusi uache. Ongeza na kiungo cha mechi moja nzima, ikiwezekana dhidi ya timu ngumu, hata kama mlifungwa.

Kisha mwandikie kocha msaidizi, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayesoma barua kwanza. Majina na anwani ziko kwenye tovuti ya kila chuo, na hapo hapo kuna fomu ya mchezaji ya kujaza. Barua itakuwa ya Kiingereza, ila maana yake iwe kama hivi (GPA ni wastani wa alama zako): "Kocha, naitwa fulani, ni gadi wa futi 6 na inchi 1, nahitimu Mei, GPA yangu ni 2.8. Nimeona magadi wenu wawili wanamaliza mwaka huu. Video na transkripti nimeziambatanisha. Mna siku ya majaribio?" Inatosha. Tuma kwa vyuo 20 au 30, kila kimoja kwa jina la kocha wake. Wiki ikipita kimya, piga simu. Upige wewe mchezaji; kocha akisikia sauti ya mjomba hujiuliza kijana mwenyewe yuko wapi.

Ukiwa bado Nairobi au Lubumbashi, safari ni ndefu zaidi. Kabla ya kulipa chochote, angalia tovuti ya ubalozi wa Marekani kama raia wa nchi yako wanapewa viza ya mwanafunzi, F-1, kwa sasa, maana tangu Juni 2025 zipo nchi zilizofungiwa viza za wanafunzi, Burundi ikiwemo. Njia ikiwa wazi, chuo kikishakukubali kitakupa fomu ya I-20 ya kuthibitisha hivyo, kisha unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, unajaza fomu ya viza ya DS-160 na kwenda usaili. Taja ligi zote ulizocheza baada ya kumaliza shule, kwa kuwa zinaweza kukupunguzia misimu, na kuficha ni kujiharibia. Mtu anayedai pesa ili "akuunganishe na kocha", mkimbie.

Kocha akikukubali, utaletewa barua ya ahadi ya NJCAA. Isomeni na mzazi mezani, taratibu. Inakufunga kwa mwaka mmoja wa masomo, na vyuo vingine vya NJCAA haviruhusiwi tena kukushawishi. Kilichoandikwa ndicho utakacholipiwa. Kocha akisema "chakula tutaona", mwombe kwa adabu akiandike kabla hujatia saini. Ukiwa chini ya miaka 18, mzazi anatia saini pia. Akihitaji mkalimani, chuo kiambiwe mapema.

Kabla ya Agosti pimwa na daktari kwa fomu ya chuo, na ujiandikishe krediti 12 au zaidi. Zikishuka chini ya hapo huruhusiwi kucheza. Ili upate msimu wa pili unahitaji krediti 24 na GPA ya 2.0. Ukitaka kuhamia daraja la kwanza la NCAA, krediti zako zinazohamishika zinatakiwa ziwe na wastani wa 2.5, hivyo wiki ya kwanza kabisa mtafute mshauri wa masomo, si kocha, umwonyeshe chuo unachokitamani na muulizane ni masomo gani yatakayopokelewa huko.