Kusafisha santuri ya roki tulivu penye unyevu wa Mombasa

Roki ya ala tupu, yenye filimbi na fidla, haina uimbaji wa kuficha mikwaruzo. Msimu wa masika, ukungu huota ndani ya mifuo (mistari inayofuatwa na sindano) na kusikika kila muziki unaposhuka.

Changanya sehemu 4 za maji yaliyokenekwa na 1 ya alkoholi ya isopropili. Maji ya bomba yakikauka huacha chumvi. Futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mifuo, bila kulowesha lebo. Kausha kivulini, santuri imesimama, juani itapinda. (Santuri za zamani za taarabu, za mizunguko 78 kwa dakika, zisiguswe na alkoholi: shelaki, utomvu uliozitengeneza, huyeyuka.)

Sindano nyingi hutaka kukandamiza santuri kwa uzito wa gramu 1.5 hadi 2. Uzito mdogo mno si usalama, kwani sindano hurukaruka na kuchimba mfuo.